Interferoni na ugonjwa wa MS: kupungua kwa theluthi moja maana yake nini?

Kila habari ya ugonjwa wa MS inapozunguka kwenye simu zetu, maswali huwa yaleyale. Kuna anayeuliza kama interferoni si ile dawa ya homa ya ini. Kuna anayekumbuka Kemron, ile dawa ya UKIMWI iliyotangazwa Nairobi mwaka 1990, na kusema interferoni ilishajaribiwa kwetu ikashindwa. Na kuna anayesoma kwamba sindano hii hupunguza mashambulizi ya MS kwa theluthi moja, akauliza: dawa gani hiyo inayomtibu mmoja na kuwaacha wawili?

Maswali haya ni ya haki na yana majibu. Lakini majibu yenyewe yanaanzia kwenye tabia ya ugonjwa. Asiyeijua tabia hiyo hawezi kuelewa kwa nini watafiti walihitaji zaidi ya miaka 10 ya majaribio kabla ya kuthubutu kusema kwamba dawa inasaidia.

MS ni kifupi cha multipo sklerosisi. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili inayotakiwa kupambana na vijidudu inageuka na kushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Inachokilenga ni mayelini, utando wa mafuta na protini unaozunguka nyuzi za neva na kuzifanya zipeleke taarifa upesi. Utando ukichubuka, taarifa zinachelewa au zinakatika njiani. Kwa kuwa michubuko inaweza kutokea popote, dalili hazifanani. Mmoja jicho linamuuma akiligeuza na anaona ukungu. Mwingine anakufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwingine mkono unatetemeka hata kushika kikombe ni kazi, na karibu wote wanalalamika uchovu ambao usingizi hauumalizi. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, baada ya kuona makovu magumu kwenye ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliofariki.

MS hauambukizi. Si kiharusi, ingawa unaweza kulegeza upande mmoja wa mwili. Wala si kurogwa, ingawa naelewa kabisa kwa nini familia nyingi hufika huko. Binti wa miaka 28 anashindwa kutembea kwa wiki 5, kisha anainuka na kurudi kazini kama hakuna kilichotokea, halafu mwaka unaofuata jicho moja linapoteza nuru. Ugonjwa unaokuja na kuondoka wenyewe namna hiyo unatisha, na kila mtu aliye karibu anautafutia sababu.

Hali hiyo ndiyo madaktari wanayoiita MS ya kurudirudi, na wagonjwa wengi, takriban 85 kati ya 100, huanza hivyo. Dalili hulipuka kwa siku au wiki kadhaa, kisha hupungua au kuisha. Kila mlipuko huitwa shambulio. Kati ya shambulio na shambulio mtu anaweza kuishi miezi au miaka akiwa vizuri. Baada ya muda, kwa baadhi yao, nafuu inazidi kuwa pungufu na ulemavu unaanza kujijenga.

Sasa interferoni. Hizi ni protini zinazotengenezwa na miili yetu wenyewe, seli zikitoa ishara kwa seli nyingine kwamba kuna virusi. Ziligunduliwa mwaka 1957 jijini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ni ukoo mzima, na katika mambo ya tiba majina matatu ndiyo yanayosikika zaidi: alfa, beta na gama. Alfa ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi kutibu homa ya ini aina ya B na C, kwa hiyo anayeuliza swali lile la kwanza hajakosea sana, amechanganya ndugu tu. Dawa ya MS ni beta. Kemron nayo ilikuwa alfa, tena kwa kiasi kidogo mno, ya kuyeyusha mdomoni, na ililengwa kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kushindwa kwake hakusemi lolote kuhusu beta ya sindano kwa ugonjwa mwingine. Hata hivyo kuna jambo moja katika habari ya Kemron linalotuhusu sana, na nitalifikia baada ya kueleza mtego uliopo kwenye MS.

Mtego wenyewe ni kwamba mgonjwa wa MS ya kurudirudi hupata nafuu hata asipotibiwa. Na mtu hutafuta dawa mpya wakati gani? Anapokuwa amezidiwa. Ni kama kijiji kinachokwenda kwa mganga wa mvua mwishoni mwa Februari, ardhi imepasuka na mbegu ziko ghalani. Mganga anafanya matambiko yake, Machi masika yanaanza, na sifa zote zinamwendea yeye. Hakuna aliyedanganya hapo. Mvua imenyesha kweli, na walioiona wameiona. Ila hakuna aliyekwenda kuangalia kijiji cha pili ambacho hakikuita mganga.

Kijiji cha pili, kwenye utafiti wa dawa, ni kundi la plasibo: wagonjwa wanaochomwa sindano inayofanana kwa kila kitu na ya kweli ila haina dawa ndani. Umuhimu wake unaonekana kwenye takwimu. Katika jaribio moja kubwa la interferoni beta, lililochapishwa mwaka 1998, wagonjwa walioingia walikuwa wamepata wastani wa mashambulizi 3 hivi katika miaka 2 iliyotangulia. Katika miaka 2 ya jaribio, waliokuwa kwenye plasibo walipata wastani wa 2.56. Walipungukiwa na mashambulizi bila dawa yoyote. Kama jaribio lisingekuwa na plasibo, upungufu huo nao ungehesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Hapo ndipo Kemron inapoingia. Ilipotangazwa Nairobi mwaka 1990, kwa shangwe kubwa na kwa baraka za Rais Moi, ripoti zilisema wagonjwa wameongezeka uzito na dalili zimepungua. Hakukuwa na kundi la plasibo la kuwalinganisha nao. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja kubwa lililofanyika Uganda na lenye plasibo, hayakuona faida. Wagonjwa waliosema wamepata nafuu hawakuwa waongo, na inasikitisha kwamba wengi walikuja kudhihakiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha naye.

Interferoni kwa MS ilianza kwa dhana tofauti kabisa na tunayoijua leo. Miaka ya 1970 watafiti wengi walishuku kwamba chanzo cha MS ni virusi. Kama ni virusi, basi protini ya mwili inayopambana na virusi inastahili kujaribiwa. Lawrence Jacobs na wenzake huko Buffalo, jimbo la New York, walichukua interferoni beta ya asili, iliyovunwa kutoka kwenye seli za binadamu zilizokuzwa maabara, wakaiingiza kwenye maji ya uti wa mgongo kwa sindano ya kiunoni, mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Walioitumia walikuwa 10, na wengine 10 walikuwa wa kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981: mashambulizi yalipungua kwa waliotibiwa. Watu 20 ni wachache mno na njia yenyewe ilikuwa ngumu kwa mgonjwa, lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 1986 liliegemea upande uleule.

Kisha likaja jaribio ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Wagonjwa 18 walipewa interferoni gama. Hoja ilikuwa ileile ya kupambana na virusi, na kwenye karatasi ilionekana nzuri. Wagonjwa 7 kati ya hao 18 walipata shambulio wakiwa kwenye dawa, idadi iliyozidi sana iliyotarajiwa, na matibabu yakasitishwa. Ripoti ilitoka mwaka 1987. Gama ilikuwa inaichochea kinga ya mwili, na kinga hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inaumiza ubongo. Protini mbili za ukoo mmoja, moja inatuliza na nyingine inachochea. Mtu anapokuambia kiungo fulani "kinaongeza kinga" na kwa hiyo kinafaa kwa kila ugonjwa, kumbuka wale 7. Kwa mgonjwa wa MS, kinga iliyoongezewa nguvu inaweza kuwa hatari.

Beta kwa upande wake hupunguza kuamshwa kwa seli za kinga na kuzizuia kwa kiasi zisipenye kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Lakini hilo lilieleweka vizuri baadaye. Kilichotakiwa kwanza ni dawa ya kutosha na jaribio la kutosha.

Dawa ya kutosha ilipatikana kwa uhandisi wa vinasaba: bakteria wa E. coli walipandikizwa jeni la binadamu wakaanza kutengeneza interferoni beta kwa wingi. Jaribio likafanyika katika vituo vya Marekani na Kanada kwa wagonjwa 372, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: plasibo, dozi ndogo na dozi kubwa. Walijichoma wenyewe chini ya ngozi kila baada ya siku moja, kwa miaka.

Ukiliangalia jaribio hili kwa karibu, utaona kwanza swali ambalo wengi hawalifikirii: shambulio ni nini hasa? Mgonjwa wa MS akioga maji ya moto, akipata homa au akisimama juani, dalili za zamani zinaweza kurudi kwa saa chache, maana neva iliyochubuka hushindwa kupeleka taarifa joto likipanda. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam hili atakuwa analijua. Hilo si shambulio jipya. Kwa hiyo watafiti waliweka masharti: dalili ziwe mpya au zilizozidi, zidumu angalau saa 24, mgonjwa asiwe na homa, na awe ametulia kwa siku 30 kabla yake. Pasipo masharti hayo, wiki moja ya jua kali ingeweza kuharibu hesabu nzima.

Tatizo la pili ni kwamba interferoni inajitangaza. Saa chache baada ya sindano mtu hupata homa, baridi na maumivu ya misuli kama mwenye mafua makali, na mahali pa sindano ngozi huwa nyekundu. Mgonjwa anaweza kubahatisha yuko kundi gani, na daktari akiona alama naye atajua. Waliligawa jukumu: daktari mmoja alishughulikia madhara na maswali ya mgonjwa, na mwingine, asiyeambiwa chochote kuhusu sindano, alipima nguvu za miguu, macho na mwendo. Alama za sindano zilifunikwa wakati wa kupimwa. Ulinzi huo haukuwa kamili, na wakosoaji wamelisema hilo tangu wakati ule. Ndiyo maana picha za MRI, yaani picha za ndani ya ubongo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zilikuwa na uzito wa pekee. Homa inaweza kumfumbua mgonjwa macho, lakini haiwezi kubadilisha madoa ya ugonjwa kwenye ubongo, na anayesoma picha hajui ni za nani. Kikundi kidogo huko Vancouver kilipigwa picha kila wiki 6. Kwa waliotumia dawa, madoa mapya yalikuwa machache kwa tofauti ya wazi.

Matokeo yalitoka mwaka 1993. Kundi la plasibo lilipata wastani wa mashambulizi 1.27 kwa mwaka, na kundi la dozi kubwa 0.84. Tofauti hiyo ndiyo "theluthi moja" inayozunguka hadi leo.

Tuifungue. Chukua wagonjwa 100 wasiotibiwa, kwa mwaka mmoja wangepata mashambulizi 127. Wagonjwa 100 wa dozi kubwa wangepata 84. Mashambulizi 43 hayakutokea. Kilichopungua kwa theluthi ni mashambulizi, si wagonjwa. Haina maana kwamba mmoja kati ya watatu amepona. Hakuna aliyepona: wengi wa waliotumia dawa waliendelea kupata mashambulizi, ila machache zaidi. Waliomaliza miaka 2 bila shambulio hata moja walikuwa asilimia 31 kwenye dozi kubwa, dhidi ya asilimia 16 kwenye plasibo. Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa miaka 2 salama bila dawa, na kuna aliyetumia dawa akaangushwa kitandani. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, uwe wa kusifu au wa kulaumu, hautoshi kupima dawa ya ugonjwa huu.

Mwaka huohuo Marekani iliiidhinisha. Dawa ilikuwa chache kuliko wagonjwa, na mtengenezaji akalazimika kuchezesha kura ya nani aanze kupata. Kwa watu ambao hadi siku hiyo hawakuwa na dawa yoyote ya kubadilisha mwenendo wa ugonjwa wao, inaeleweka.

Jaribio lile halikujibu swali kubwa la mgonjwa: je, nitaishia kwenye kiti cha magurudumu? Tofauti ya ulemavu kati ya makundi haikutosha kuthibitisha lolote. Jacobs alilishika swali hilo moja kwa moja katika jaribio la wagonjwa 301 lililochapishwa mwaka 1996, akitumia interferoni beta ya aina nyingine, sindano moja ya msuli kwa wiki. Kufikia miaka 2, ulemavu ulikadiriwa kuongezeka na kudumu kwa asilimia 34.9 ya kundi la plasibo na asilimia 21.9 ya waliotumia dawa. Jaribio la 1998, lenye wagonjwa 560, lilipata upungufu wa mashambulizi wa asilimia 27 na 33 kutegemea dozi. Namba hizi kukaribiana kiasi hicho, kutoka kwa watafiti tofauti, ndiko kulikotuliza wengi.

Kuhusu miaka mingi mbele, ubishi haujaisha. Mwaka 2012 zilitoka taarifa mbili zilizoonekana kupingana. Moja iliwafuatilia wagonjwa wa lile jaribio la 1993 baada ya miaka 21 na kukuta kwamba waliopangiwa dozi kubwa tangu mwanzo walikuwa wamekufa wachache zaidi kuliko waliopangiwa plasibo. Nyingine, ya wagonjwa wa British Columbia nchini Kanada, haikuona uhusiano kati ya kutumia interferoni na kuchelewa kufikia ulemavu mkubwa. Mimi naipa uzito zaidi ya kwanza kwa sababu makundi yake yaligawanywa kwa bahati nasibu. Katika ya pili, wagonjwa na madaktari walichagua wenyewe nani atumie, na tofauti kati ya wanaochagua dawa na wasioichagua ni ngumu kuisafisha kwa hesabu. Lakini siitupi. Inatukumbusha kwamba kupunguza mashambulizi na kuzuia ulemavu ni vitu viwili, na cha pili ni kigumu kuthibitisha.

Leo interferoni imekuwa kipimo cha wenzake. Okrelizumabu, dawa ya MS iliyoidhinishwa mwaka 2017, ilishindanishwa nayo na ikashinda: wastani wa mashambulizi 0.16 kwa mwaka dhidi ya 0.29. Hapo msomaji makini atashtuka: mbona interferoni ya 1993 ilikuwa 0.84 na hii ni 0.29, imeboreshwa? Hapana. Wagonjwa ni tofauti. Siku hizi MS hugunduliwa mapema, na wenye ugonjwa mwepesi nao wanahesabiwa. Namba za jaribio moja hulinganishwa ndani ya jaribio hilo tu. Anayekuonyesha namba ya dawa yake kando ya namba ya jaribio la miaka 20 iliyopita anakupoteza, hata kama hakukusudia.

Na ile dhana ya virusi? Mwaka 2022 utafiti uliotumia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Watu walio wengi duniani wana virusi hivyo na hawapati MS, kwa hiyo si sababu pekee. Lakini wale wa miaka ya 1970 hawakuwa wakiota tu.

Kwa anayetumia interferoni sasa, paracetamol kabla ya sindano na kuchoma jioni hupunguza zile homa, ambazo kwa kawaida hulegea baada ya miezi michache. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na seli nyeupe. Anayepata huzuni nzito amwambie daktari mapema, kwani dawa inahusishwa na sonona. Kupata shambulio moja si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Kwa wengine, hata hivyo, mwili hutengeneza kingamwili zinazoizima, na hapo kubadilisha dawa ni sahihi.

Kwetu Afrika Mashariki kikwazo huanza kabla ya dawa: mashine za MRI ni chache, madaktari bingwa wa neva ni wachache zaidi, na aina nyingi za interferoni zinahitaji jokofu wakati wote. Shirika la Afya Duniani lilipoingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, mwaka 2023, lilichagua kladribini, glatirama na rituksimabu. Interferoni haikuwemo. Rituksimabu tayari inajulikana katika hospitali zinazotibu saratani ya tezi za limfu, kwa hiyo mgonjwa wa Nairobi au Dar es Salaam ana sababu ya kumuuliza daktari wake kama inamfaa. Akikubaliwa, apimwe kwanza homa ya ini aina ya B, maana dawa hiyo inaweza kuamsha virusi vyake vilivyolala mwilini.